Sura ya Tisa: Vitu vya Mifukoni

Shati la marehemu lilikuwa bado limekunjwa vilevile lilivyokutwa. Inspekta alikuwa amemkataza kila mtu kulifungua, kuanzia Koplo wake hadi daktari wa maiti, na sasa lilikuwa mezani kwake ndani ya mfuko wa plastiki, safi kuliko kitu kingine chochote katika ofisi ile ya kuta zenye ukungu. Kola ilikuwa imesimama. Mgongo ulikuwa umenyooka bila kikunyanzi. Mikono yake ilikuwa imezungushwa kutoka nyuma ikaletwa mbele, na ncha zake zikakutanishwa kifuani kama mikono ya mtu anayeomba dua.

Alikuwa mwanamke aliyekula chumvi nyingi katika kazi hii na damu alikwishaiona ya kila namna, lakini shati hili lilimtia kinyaa kuliko damu. Aliyelikunja alikuwa ametoka kumzamisha mtu. Maiti ilikuwa bado inachuruzika maji pale pembeni, naye akatuliza mikono, akakunja shati, akalipapasa lilale vizuri.

Marehemu mtaa mzima ulimwita Stima, kwa sababu maisha yake yote aliyamaliza nyuma ya mashine ya mvuke katika duka la dobi. Binti yake ndiye aliyemkuta bafuni, uchi, kichwa na mabega ndani ya pipa la maji, nguo zake zimepangwa juu ya kigoda mlangoni. Majirani wakasema mzee alishikwa na kizunguzungu akiwa anaoga. Waliendelea kusema hivyo mpaka daktari alipoigeuza maiti na kuonyesha alama za vidole nyuma ya shingo, mahali ambapo mtu hawezi kujibana mwenyewe.

Basi yakawa mauaji, na Mkuu wa kituo hakujisumbua kutafuta sana. Alimkamata mkwe wa marehemu, fundi wa kupaka nyumba rangi ambaye kila mtu alimwita Rangi, kwa kuwa majirani waliwahi kuwasikia yeye na baba mkwe wake wakitupiana maneno uani. Alitaka afikishwe mahakamani leo hii, kabla ofisi hazijafungwa. Na mtu maskini akishasomewa shtaka la kuua, kamba ya kumnyongea inakuwa imeshaanza kusokotwa.

Haraka hiyo ndiyo iliyomkera Inspekta. Tangu kesi ianze, Mkuu hakuwa amemtazama usoni hata mara moja.

Akaanzia mahabusu. Rangi alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea ukuta, mikono ina madoa meupe mpaka kwenye viwiko. Inspekta akachukua shati la akiba la Koplo, akalipitisha kati ya nondo.

"Likunje."

"Afande?"

"Kunja shati. Kama unavyokunja la kwako."

Rangi alimtazama Koplo kuona kama anachezewa shere, kisha akalikunja mara mbili kama gunia, akalisokota kidogo lisije likafunguka, akalirudisha. Tayari lilikuwa na doa jeupe kwenye kola. Koplo alikohoa kwa uchungu.

Inspekta akamuuliza ule ugomvi ulihusu nini. Rangi akaeleza kwamba alikuwa anamtaka mzee ahame ile nyumba, aje akae nao, na mzee alikataa katakata. Kulikuwa na gari kubwa lililokuwa linakuja kusimama mlangoni, na kila likija, mzee halali.

"Alikuwa anaogopa nini?"

"Alisema ameosha uchafu wa watu mpaka umemwingia mwilini. Zaidi ya hapo hakusema, afande. Mimi mkwe tu. Mkwe hamchimbi baba mkwe."

Inspekta alipotoka alikuwa ameridhika juu ya jambo moja. Mikono ile ingeweza kumbana mtu shingo, ndiyo, kama mikono mingine yoyote. Lakini kukunja lile shati isingeweza hata kwa kulipwa.

Binti wa marehemu alikuwa kwenye benchi la mapokezi, chini ya televisheni ambayo askari wa zamu huiwasha asubuhi na kuisahau. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani na chakula cha mumewe kilikuwa kimepoa mapajani mwake. Inspekta akaketi kando yake, akampa pole, kisha akautoa ule mfuko wa plastiki.

"Siku ile nilikuwa nalia, sikuangalia vizuri," yule binti akasema baada ya kulitazama shati. "Hakulikunja baba hilo."

"Baba yako alikuwa dobi, mwanangu. Kila mtu hapa anasema dobi hukunja nguo zake."

"Wanaosema hivyo hawajaishi na dobi. Akifika nyumbani anavua, na nguo inabaki pale ilipoangukia. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikufa analalamikia jambo hilo hilo." Akashika kiganja chake cha kushoto kuonyesha. "Halafu mkono wake huu uliungua na mvuke zamani. Haukuwa unageuka. Dukani alinyoosha nguo na kutoa vitu mifukoni, basi. Kukunja alikunja mwenzake."

Inspekta akamwomba aeleze habari ya mifuko, na yule binti akaieleza kwa sauti ya chini, huku akiutazama mlango wa Mkuu. Nguo ikifika kwa dobi, kitu cha kwanza ni kutoa vilivyomo mifukoni, maana kalamu moja inaweza kuharibu mashuka ya watu wote. Baba yake alifanya kazi hiyo tangu duka lilipokuwa chumba kimoja chenye pasi ya mkaa. Kisha mwenye duka, mshirika wake, akapata kazi ya kufua nguo za hosteli ya wabunge, na siku hiyo hiyo akamletea Stima kopo jekundu la majani ya chai. Sarafu na leso, akamwambia, zirudi kwa wenyewe. Vile vingine vitie humu, na unitajie ni koti la nani.

Vile vingine vilikuwa ufunguo wa hoteli ambayo mwenye koti hakupaswa kuwa amelala humo. Picha ya mtoto ambaye nyumbani kwa mtu hakuna anayemjua. Dawa za ugonjwa ambao mgonjwa hajamwambia hata mkewe. Mwenye duka alizipeleka nguo mwenyewe, zimepigwa pasi vizuri, akainama kwa adabu zake zote na kusema, Mheshimiwa, nimekuta kitu chako, nimekuhifadhia. Hakudai hata senti. Miezi ikipita, mtu mmoja alijitoa kwenye uchaguzi kwa sababu za kiafya, na mwenye duka la dobi akasimama mahali pake.

Inspekta alimfahamu mwenye duka huyo kama taifa zima lilivyomfahamu. Walimwita Mheshimiwa Pasi. Pasi ilikuwa kwenye mabango yake na kwenye kofia alizogawa, na hadithi yake ilisimuliwa hata shuleni, mtoto wa watu wa chini aliyeanza na meza moja na kufika bungeni kwa jasho lake. Alipata ubunge pale mpinzani wake alipougua ghafla. Alipata uenyekiti wa kamati pale mwenyekiti alipojiuzulu bila kutoa sababu. Akawa naibu waziri, na leo mchana alikuwa anakwenda kuapishwa uwaziri kamili. Inspekta mwenyewe aliwahi kumpigia kura.

"Baba yako alimvumilia miaka yote hiyo," akasema. "Nini kilimshinda?"

"Yule mama mbunge aliyejinyonga. Dawa zake baba ndiye aliyezitoa mfukoni." Binti akapangusa pua. "Tangu siku ile hakutia tena mkono kwenye mfuko wa mtu. Akalichukua kopo, akalificha nyumbani. Alisema atalipeleka kwenye magazeti hata kama na yeye atafungwa. Sasa kopo halipo. Nimelitafuta nyumba nzima."

"Ulimwambia nani habari hizi?"

"Mkuu wako. Akaniambia nikiyarudia maneno hayo, nitamfuata mume wangu huko ndani."

Inspekta alisimama, akampa Koplo ule mfuko wa plastiki, na kumwambia aukalie kama kuku anavyokalia mayai, hapo hapo kaunta, na televisheni mtu asiiguse. Mheshimiwa Pasi alikuwa na mazoea yake. Kila alipopanda ngazi ya siasa, asubuhi ya siku hiyo alirudi dukani kwake kupiga pasi shati moja mbele ya kamera za matangazo ya moja kwa moja, ili wananchi waone hakusahau alikotoka.

Duka lilikuwa limepanuka likala nyumba mbili za jirani. Barabara ilijaa magari na vijana waliovaa kofia za pasi, na ndani, harufu ya sabuni ilikuwa nzito kiasi cha kumkaba mtu. Waandishi walikuwa wameshapanga kamera zao kuizunguka meza moja iliyotandikwa kitambaa kipya. Mheshimiwa alikuwa hajafika. Inspekta akapenya mpaka nyuma, kwenye rafu za nguo zilizo tayari, akamkuta msimamizi wa duka, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, akiwafokea wasichana wake wasikanyage nyaya za televisheni.

Mashati yote kwenye rafu yalikuwa yamekunjwa namna moja, mikono imefichwa nyuma. Inspekta akauliza kama hakuna mkunjo mwingine, akauonyesha kwa mikono yake mwenyewe kifuani.

"Ah, huo mkunjo wa Bosi," yule mama akasema. "Sisi haturuhusiwi. Ukiukunja hivyo unafukuzwa kazi."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa wa watu wakubwa tu. Alisema wakiliona shati limekunjwa hivyo, watajua limepita mikononi mwake mwenyewe." Akashusha sauti. "Wengine wakishalipokea, hawakuleta tena nguo kwetu. Nilidhani hawakupenda wanga tunaoutia kwenye kola."

Inspekta akatazama zile rafu na ngozi ikamsisimka kwa karaha. Kumbe lilikuwa tangazo. Mtu anafungua kifurushi cha dobi, anaona shati lake linamwombea dua, na hapo hapo anajua kuna mkono ulikuwa mfukoni mwake. Yule mwuaji hakuwa amekusudia kuacha tangazo bafuni kwa Stima. Alikuwa anataka tu ionekane kwamba mzee alivua nguo ili aoge, na mikono yake, baada ya kufanya jambo moja miaka mingi, ilifanya jambo hilo bila kumwuliza.

Lakini hilo lilikuwa wazo lake na neno la mfanyakazi ambaye kesho angeweza kulikana. Wakili yeyote angelicheka. Alihitaji kuiona mikono yenyewe ikifanya kazi, na watu wengine waione.

Mheshimiwa akaingia kwa vigelegele. Alikuwa mnene wa wastani, amenyolewa vizuri, amevaa suti yenye kizibao, na uso wake ulikuwa na upole ule unaouzwa. Akavua koti, akampa mpambe, akakunja mikono ya shati lake, akaijaribu pasi kwa ncha ya kidole kilicholowa mate. Vijana wakapiga makofi. Akapiga pasi kola kwanza, kisha mabega, huku akizungumza na kamera bila kuitazama kazi yake. Alisema nchi ni kama nguo, haikatai kunyooka ikipata mtu mwenye subira. Alimtaja pia mshirika wake wa zamani, ndugu yake kabisa, aliyeuawa kikatili na mtu wa nyumbani mwake, akapangusa jicho. Jicho lilikuwa kavu. Inspekta alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuliona.

Alipomaliza akaliacha shati limetandazwa mezani na kunyoosha mkono achukue koti lake. Inspekta hakuwa amevaa sare. Akasogea mbele kati ya waandishi wawili.

"Mheshimiwa, dobi haachi shati wazi. Au kukunja kumeshakutoka mikononi?"

Watu wakacheka. Mheshimiwa naye akacheka, akatikisa kichwa kama baba anayetaniwa na binti yake, na akarudi mezani. Hakufikiri hata kidogo. Aligeuza shati kifudifudi, akakunja ubavu wa kwanza, ubavu wa pili, akainyanyua ile mikono, akaizungusha na kuileta mbele, na ncha zikakutana kifuani. Akalipapasa. Kisha, kwa kuwa kamera zilikuwa zinamfuata, akamkabidhi Inspekta kwa mikono miwili.

"Zawadi yako, mama. Usije ukasema nimesahau."

"Sitasema, Mheshimiwa. Asante sana."

Simu yake ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Koplo. Alisema mapokezi yote walikuwa wanatazama. Yule binti alikuwa amesimama, akaunyanyua ule mfuko juu, akauweka sambamba na televisheni, na watu waliokuja kushtaki wezi wa kuku, na wake waliokuja kushtaki kupigwa na waume zao, wote walitazama shati, wakatazama televisheni, wakanyamaza kimya. Mkuu alikuwa ametoka ofisini kuuliza kimya hicho ni cha nini.

Inspekta akasubiri mpaka kamera zilipohamia nje kwenye ngoma na makofi, kisha akamfuata Mheshimiwa kwenye kichumba cha kubadilishia nguo na kuonyesha kitambulisho chake.

"Nitakuomba tufuatane kituoni, Mheshimiwa."

"Kwa ajili ya shati?"

"Kwa ajili ya mawili. La pili tulilikuta bafuni kwa Stima."

Mheshimiwa alilitazama lile shati mikononi mwa Inspekta kwa muda mrefu. Inspekta aliona jinsi macho yake yalivyofuata mkunjo, kutoka kola mpaka kifuani, kisha yakahamia kwenye vidole vyake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza uso ule ukapoteza upole wake. Haukubaki na huzuni wala hofu. Ulibaki na hasira ya mtu aliyeibiwa.

Hakubisha. Alitoa simu, akampigia Mkuu wa kituo, akaongea naye kwa sauti ya kirafiki, akiuliza kwanza hali ya mama watoto. Kisha akasema kuna askari wake mmoja anayetaka kumchelewesha kuapishwa. Akasema, "Kile kitu chako bado nimekuhifadhia. Ninacho hapa hapa." Na akakipiga kofi dogo kizibao chake, upande wa moyo. Akampa Inspekta simu huku akitabasamu, kama mtu anayempa mtoto pipi.

Inspekta akaiweka sikioni. Kwanza alisikia pumzi za Mkuu. Nyuma yake hakukuwa na kelele za kawaida za mapokezi, hata kikohozi. Akaelewa kwamba Mkuu alikuwa amesimama katikati ya watu wale wote, na wote walikuwa wanamtazama.

"Afande," Inspekta akasema, "Rangi anapelekwa mahakamani au hapelekwi?"

Pumzi zikaendelea. Neno moja tu la kukataa, na Rangi angesomewa shtaka mchana huu huu, na mtu huyu angekuwa waziri.

"Mlete," Mkuu akasema, na simu ikakatika.

Gari la Mheshimiwa walilipekua palepale, dereva wake mwenyewe akifungua milango bila kumtazama bosi wake. Chini ya kiti cha nyuma, ndani ya taulo jipya, kulikuwa na kopo jekundu la majani ya chai lenye kifuniko kilichobonyea. Inspekta alivaa glovu akalifungua. Kulikuwa na funguo, pete ya ndoa, meno ya bandia, kiatu cha mtoto mchanga, na pakiti ya dawa iliyobaki vidonge viwili. Kila kitu kilikuwa safi. Mtu alikuwa amekaa akavipangusa kimoja kimoja. Inspekta akalifunga haraka, kwa maana alijisikia kama yeye ndiye anayechungulia vyumbani mwa watu. Mheshimiwa angeweza kulitupa mtoni tangu siku ile ya kwanza, lakini hakuwa na moyo wa kutupa mtaji wake.

Walipofika kituoni, mapokezi yalikuwa yamejaa zaidi. Hakuna aliyepiga kelele. Walimpisha njia Mheshimiwa Pasi mpaka kaunta, na yeye akapita akiinamisha kichwa huku na huku kuwasalimu, kwa mazoea tu, na hakuna aliyemwitikia. Yale mashati mawili yalikuwa kaunta, yamelazwa sambamba. Sajini wa zamu, mzee aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, alimtazama Inspekta, Inspekta akatikisa kichwa kukubali, na Sajini akasema maneno aliyomwambia kila mlevi na kila mwizi aliyewahi kusimama pale.

"Toa vitu vyote vya mifukoni, uweke hapa."

Mheshimiwa akacheka kidogo. Akasema kuna taratibu za viongozi. Akasema anataka wakili wake. Sajini akamwambia wakili atamkuta mifuko ikiwa mitupu, ndizo taratibu zetu. Basi akaanza. Akatoa leso na miwani, akatoa simu ya pili. Mikono ile iliyokunja shati bila kutetemeka sasa ilikuwa inatafuta midomo ya mifuko na kuikosa. Alipofika kwenye kizibao aliacha.

"Na hapo," Inspekta akasema.

"Hapo hapana kitu."

"Basi tutie mkono tuone hapana kitu."

Hakuna aliyelazimika kumtilia mkono. Aliingiza vidole viwili na kuvitoa, na kitu kidogo kikaanguka kaunta, kikaviringika na kutulia kando ya shati la Stima. Ilikuwa hereni, ya dhahabu, yenye jiwe la kijani.

Sajini aliitazama kwa udadisi. Akalamba kidole kufungua ukurasa.

"Hereni moja. Ya nani hii, niandike?"

Mheshimiwa alikuwa amegeuka kumtazama Mkuu wa kituo, aliyesimama mlangoni pa ofisi yake, na katika mtazamo ule kulikuwa na ofa, palepale mbele ya watu wote, ya mwisho. Inspekta naye akageuka. Hakujua kama mkubwa wake atasema kitu, na wala hakumtakia mema. Mwanamume huyu alikuwa tayari kumnyonga mtu kwa ajili ya kipande cha dhahabu kisichozidi ukucha.

Mkono wa Mkuu ulikuwa umeshapanda wenyewe mpaka kwenye mfuko wa kifua wa sare yake, ukaushika.

"Ya shemeji yangu," akasema. "Mdogo wake mke wangu. Andika hivyo hivyo."

Akaingia ofisini na kufunga mlango. Kalamu ya Sajini ilisikika ikiandika. Inspekta alikuwa ametaka ushindi, akapata kitu kinachofanana na kukanyaga kinyesi gizani. Alitamani kunawa, na akakumbuka kwamba sabuni ya kituo ilikuwa na harufu ile ile ya dukani.

Koplo alikuwa amemtoa Rangi. Mkewe hakumkimbilia, alimshika tu mkono wa shati na kuung'ang'ania. Sajini akachomoa bahasha ya Rangi kwenye sanduku na kumwaga vitu vyake kaunta ili avitambue na kutia sahihi, brashi ndogo ya rangi, kitana, soksi moja ya mtoto. Mheshimiwa Pasi alikuwa amesimama pale pale, anangoja kufungwa pingu. Akainamisha kichwa, na macho yake yakavitazama vile vitu, yakatua juu ya ile soksi, yakaanza kuipima.

Rangi akauona mtazamo wake. Akavifunika vyote kwa kiganja chake chenye madoa, akavikumba kwake, na hakukiondoa kiganja mpaka yule mtu alipopelekwa ndani.